Bastola Ndogo kwa Mtu wa Kitambi

Watu wa Ufukoni, hapa Mtwara, wakiniuliza kwa nini nilitaka bastola, huwa nawaambia kwamba mtu wa hadhi yangu lazima awe na ulinzi. Jibu hilo linapendeza na linafunga mjadala barazani. Ila hapa nimekaa kuandika, si kupiga soga, kwa hiyo nitasema ilivyokuwa. Nilitaka bastola kwa sababu mke wangu alikataa kwenda kumwona mama yake.

Kwanza nijitambulishe, maana wapo watakaosoma haya hawanijui, ingawa sijui wamejificha wapi. Shule niliishia darasa la nne, na hilo lenyewe nilikuwa nikiingilia dirishani. Nilianza maisha kwa kubeba mifuko ya saruji ya watu, jioni narudi mweupe kuanzia nywele hadi kope, watoto wananikimbia. Leo saruji hiyo hiyo ni yangu na wanabeba wengine. Nina duka la vifaa vya ujenzi, nina nyumba ya vigae, nina gari la kwenda shamba na jingine la kwenda harusini. Mabati yanayong'aa ukipita kutoka mjini mpaka Mpapura, mengi nimeyauza mimi. Yale yenye kutu wenyewe walinunua kwingine.

Mke wangu ni mzaliwa wa Mahurunga, kule karibu na mto Ruvuma, na mama yake yupo kule mpaka leo na mpunga wake. Tulikuwa tukienda mara kwa mara. Tunapeleka sukari, sabuni na dawa, tunarudi na mchele, mihogo na kuku.

Basi, msimu wa korosho uliopita, alasiri moja tunarudi, tukakuta tawi la mkorosho limelala katikati ya barabara, pale kwenye kona yenye mchanga mwingi. Nikadhani upepo. Nikasimamisha gari nishuke nilivute. Wakatoka watu watatu mikoroshoni. Wawili wana mapanga, wa tatu ana gobore ambalo kitako chake kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Walichukua simu, walichukua pochi, walichukua kuku wawili tuliopewa na mama mkwe. Yule wa gobore akamwambia mke wangu alale kifudifudi mchangani, akamvua hereni zake za dhahabu. Zile hereni mama yake ndiye aliyempa siku tunafunga ndoa.

Hawakutupiga. Waliondoka wakitembea, hawakukimbia hata kidogo, na kuku wetu wakilia mikononi mwao.

Polisi walipewa habari, wakaenda, wakakuta tawi. Mke wangu akasema, "Mimi njia ile basi." Nikajua ni maneno ya siku ile, yatapita. Hayakupita. Ukimtajia Mahurunga anainuka kwenda kuangalia chungu ambacho hakijainjikwa.

Sasa tatizo lilikuwa macho ya mama mkwe. Ana ile presha ya macho, na daktari alishasema kwamba kilichokwisha kuondoka hakirudi, dawa inazuia kidogo tu. Mama mwenyewe analieleza jambo hilo kwa maneno yake. Alikuwa akiazima simu ya jirani na kutuma ujumbe wa sauti: "Mwambieni mwanangu aje nimwone sura yake, macho yanafunga duka." Nikapendekeza tumlete mjini, akae kwangu, kwenye feni. Akajibu, "Na mpunga nimwachie kiboko?" Nikapendekeza mke wangu akodishiwe gari zuri na dereva. Mke wangu akaniuliza kama dereva huyo ana ngozi ya chuma.

Ndipo siku moja, yuko uani anamenya mihogo, nikamwambia, "Nikiwa na bastola, utakwenda?"

Alimenya muhogo mzima kabla hajanijibu. "Nikiiona, nitajua."

Hilo kwangu lilikuwa jibu tosha. Mimi ni mtu wa vifaa. Ukiniambia tatizo linatatuliwa kwa kifaa, umeniita nyumbani.

Nikapanda basi kwenda Dar es Salaam, maana kwetu duka la bastola sikulijua. Nikaelekezwa duka moja, mlango wa vyuma juu ya mlango wa vyuma, ndani baridi kama friji ya samaki. Muuzaji alikuwa mzee wa makamo yangu, askari mstaafu, sauti yake ya chini kama mtu anayeongea hospitalini. Mimi nikaingia na sauti yangu ya kawaida.

"Nataka bastola. Nipe kubwa kuliko zote."

"Karibu sana, mzee. Ya kulinda nini?"

"Ya kunilinda mimi."

Akaniangalia kuanzia viatu, akaja juu taratibu, akafika tumboni akakaa pale kidogo. "Utaivaa, au utaiweka nyumbani?"

"Nitaivaa. Nikiwa kwenye gari."

Akatoa ile kubwa, maana nimeiomba. Jamani, nzuri! Inang'aa, nzito, ukiishika unajiona umeota ndevu. Akaniambia niichomeke kiunoni. Nikaichomeka. Akavuta kiti cha plastiki akasema, "Sasa kaa kama unaendesha gari."

Nikakaa. Wee! Kitako chake kilinichoma hapa chini ya mbavu, mdomo wake ukaenda mahali ambapo mwanaume hataki mdomo wa bastola uelekee. Kitambi changu, ambacho nimekigharamia miaka yote hii kwa pilau na wali wa nazi, kikaifunika yote. Akaniambia, "Wamekuja. Itoe." Nikaanza kuitafuta. Nilivuta shati, nikavuta mkanda, nikainua tumbo kwa mkono wa kushoto, nikasimama, kiti kikasimama na mimi.

"Wameshaondoka," akasema muuzaji, bila kucheka.

Hapo ndipo nikaanza kumsikiliza. Mimi ni bingwa, lakini bingwa anayejua kununua. Akanieleza kwamba kwa mtu wa kukaa garini, na kwa mtu wa, alitafuta neno, "mwili kama wako," bastola fupi ndiyo yenyewe. Mtutu mfupi, kitako kifupi, haikwami kwenye nguo. Akapanga tatu mezani juu ya kitambaa.

Ya kwanza ilikuwa ndogo mno. Vidole vyangu vimenenepa kwa kubeba mizigo tangu utoto, na kwenye kitako chake viliingia vidole viwili tu, cha tatu kikabaki kinaning'inia hewani. Ilikuwa kama kushika kiberiti. Nikamuuliza, "Hii ukiifyatua haikuruki mkononi?" Akasema ndogo ndiyo zinazoruka sana, kwa sababu hazina uzito wa kutulia. Hilo sikulijua. Nilidhani ndogo ni za kike na hazina fujo.

Ya pili ilikuwa ya Kituruki, bei nafuu kuliko zote, milioni mbili na kitu. Nikaipenda kwa bei. Ila nikaiangalia rangi yake pembeni, karibu na pale risasi zinapotokea, nikaona ile rangi imepakwa tu juu. Nikamwambia, "Mwenzangu, mimi natoka Mtwara. Kule chumvi inakula misumari ikiwa bado kwenye boksi. Hii mwaka mmoja itakuwa kama nanga." Akanitazama kwa macho mengine kabisa. Ujue hapo nilikuwa nimeingia kwenye fani yangu. Chuma nakijua kwa kukinusa.

"Basi wewe ni wa hii," akasema.

Ya tatu ilikuwa ya Kicheki. Nyeusi ti, haing'ai, mwili wa chini ni ile plastiki ngumu isiyoshika kutu, juu chuma kilichotiwa dawa mpaka ndani. Si ndogo mno wala si kubwa. Vidole vyote vitatu vilikaa. Nikaketi nayo kwenye kiti cha plastiki, nikaambiwa wamekuja, nikaitoa kabla hajamaliza kusema. Nikarudia. Nikarudia tena. Nilikuwa nimeshaanza kuwahurumia wale vijana watatu.

Nikauliza bei. Milioni nne na nusu.

"Nipe bei ya mwisho."

"Ndiyo hiyo, mzee."

"Hiyo ni ya kwanza. Naomba ya mwisho."

"Mzee, hizi si dagaa."

"Nikichukua mbili?"

"Kwanza upate kibali cha moja."

Sikupunguziwa hata shilingi, na naandika hivi kwa uchungu, maana mimi nimepunguziwa mpaka bei ya kaburi la marehemu baba yangu. Halafu akaanza kunihesabia vingine. Kuna risasi, kuna mkoba wa ngozi wa kiunoni. Kuna kasiki la chuma la kufungwa ukutani kwa nati, kwa sababu bila kasiki polisi hawakuelewi, na nyumbani nina wajukuu wanaofungua kila kitu. Kuna ada ya leseni na kuna mafunzo ya kulenga shabaha. Nilipiga hesabu kichwani kwa mabati, kama ninavyopiga hesabu zote. Ile bastola ndogo, na wafuasi wake wote, ilikuwa nyumba nzima ya vyumba vitatu, imeezekwa mpaka baraza.

Akaniuliza, "Unaivaa kwenda wapi hasa?"

"Mahurunga, mpakani kule."

Akasema, "Huko kuna vizuizi vya askari, si ndiyo? Tangu ng'ambo ya mto kulipochafuka kwa vita. Ujue kila kizuizi utashuka, utajitambulisha, utaonyesha leseni, utaeleza. Si kosa, lakini ujiandae."

Nikamwambia kujieleza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Akanipa karatasi ya bei, akanieleza kwamba maombi yanaanzia mtaani kwangu, yanapanda kata, wilaya, mkoa, mpaka juu. Nikarudi Mtwara na ile karatasi kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Nikamwonyesha mke wangu. Akaisoma, akasema, "Hii ni karatasi." Nikamwambia subiri.

Sasa lazima nimlete mtu mwingine kwenye habari hii, ingawa hastahili. Mbele ya duka langu, ng'ambo ya barabara, kuna fundi cherehani. Mwembamba, ana miwani iliyofungwa uzi, na ni mtani wangu. Si mtani wa kuchekeana tu. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Wao ndio wanaotuchimbia makaburi na sisi ndio tunaowachimbia. Kwenye msiba wetu anakuja anamwigiza marehemu wetu anavyotembea, anachukua kuku bila kuomba, na hakuna wa kumkasirikia. Mimi ananiita Kitambi. Mimi namwita Marehemu, kwa sababu nimeshamwambia atatangulia. Asubuhi bila kutukanana hatufungui biashara.

Na Marehemu huyu ni mjumbe wa kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa wetu.

Siku ya kikao nilivaa koti. Mwenyekiti alikuwepo, wajumbe walikuwepo, na mtendaji wa mtaa, binti mmoja wa kutoka mikoa ya bara, mpole, Mkristo mwenye msalaba mdogo shingoni, aliyehamishiwa kwetu si zamani. Binti hodari, kazi yake haina mchezo. Nikaeleza habari ya kona ya mchanga, ya gobore, ya mke wangu. Kila mtu aliitikia kwa huzuni. Kazi ilikuwa imekwisha, jamani. Ilibaki kusaini.

Mtendaji akauliza, kwa utaratibu, "Katika wajumbe, nani anamfahamu mwombaji kwa muda mrefu, atuambie tabia yake?"

Marehemu akanyoosha mkono.

"Mimi namfahamu," akasema, uso mkavu kabisa. "Msimpe. Huyu tangu utoto anasubiri kunizika. Mkimpa bastola, atakuwa amechoka kusubiri."

Ukumbi ukaangua kicheko. Sasa wewe ungefanya nini? Mtani akikurushia, humwachii. Ukinyamaza umeaibisha ukoo mzima, waliokufa na waliopo. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti.

"Marehemu," nikasema, "wewe risasi yako nimeshaichagua kule Dar es Salaam. Nimechagua ya bei rahisi kabisa. Ya bei kubwa ingekuwa nimekupa heshima."

Mwenyekiti alicheka mpaka kofia ikaanguka. Mjumbe mmoja, mama mzee, alipiga meza. Mtendaji peke yake hakucheka. Kalamu yake ilikuwa inatembea.

"Samahani, baba," akasema. "Umesema risasi yake umeshaichagua?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshapanda moto. "Ndiyo, binti yangu! Na sanda nimeshampima. Yeye ni fundi, lakini sanda yake nashona mimi!"

Marehemu akadakia, "Mmesikia? Mmesikia wenyewe!" akajishika shingo kama anakabwa.

Mtendaji akafunga kalamu. "Mwenyekiti, ombi hili siwezi kulipitisha leo. Mwombaji ametamka mbele ya kamati kwamba ameandaa risasi ya kumpiga mjumbe."

Kicheko kikafa. Mwenyekiti akaokota kofia, akaanza kueleza: mama, hawa ni watani, haya maneno hayana kitu, hawa wanazikana. Binti akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwenyekiti, hata kwetu tuna watani. Wananiibia hata viatu msibani. Lakini utani wa bastola, kwenye kikao cha bastola, na mimi ndiye ninayeandika? Nikiulizwa wilayani niseme walicheka?"

Ombi likaahirishwa mpaka kikao kingine, na kikao kingine kikaahirishwa kwa sababu ya msiba, halafu kwa sababu ya ugeni wa viongozi.

Nilimwendea Marehemu kibandani kwake nikiwa nimevimba. "Umeniharibia!"

"Nani aliyesema sanda? Mimi?"

"Kanisafishie kwa yule binti."

"Mtani hasafishi bure. Lete jogoo."

Nikamwambia badala ya jogoo nitamletea sanda yenyewe. Tukaachana hivyo, yeye akikanyaga cherehani yake na kuimba wimbo wa msiba, akiweka jina la kitambi changu mahali pa jina la maiti.

Haikupita muda, ukaja ujumbe mwingine kutoka Mahurunga. Mke wangu aliusikiliza jikoni, akausikiliza tena. Sauti ya mama mkwe ilikuwa ileile ya uchangamfu: "Mwanangu, jicho la kushoto limefunga kabisa. La kulia bado linauza uza kidogo. Ukichelewa utakuta kufuli."

Mke wangu hakulia. Asubuhi yake alioga, akavaa, akafunga ushungi, akachukua mkoba wake na fuko la sukari, akatoka barazani. Mimi nikatangulia kuwasha gari. Nikafungua mlango wa nyuma, maana pale ndipo anapopenda kukaa. Akashuka ngazi, akafika mlangoni mwa gari, akaweka mkono juu ya bati la gari. Akasimama hapo. Injini inanguruma, mimi nasubiri, yeye amesimama. Kisha akarudi barazani, akaketi, mkoba magotini.

"Siwezi," akasema. "Mguu haupandi."

Nilizima gari. Niliapa pale pale kwamba ningekuwa na ile nyeusi ya Kicheki mkononi ningemwonyesha, na mguu ungepanda. Lakini nilikuwa na karatasi ya bei.

Marehemu alikuwa ameona yote kutoka kibandani. Akafunika cherehani kwa turubai, akavuka barabara. Kwapani ana jogoo. Jogoo aliyenidai mimi, amemnunua mwenyewe.

"Shemeji," akamwambia mke wangu, "bastola yenu imekataliwa kwa sababu ya mdomo wangu. Na mdomo wa huyu hapa. Basi nimekuja mimi badala yake. Kitambi, fungua mlango wa mbele."

Mke wangu akamtazama. "Wewe utatulinda na nini, shemeji? Upepo ukivuma unakuondoa."

"Wakitokea nitawaambia kwamba mimi ni Marehemu. Gari lenye maiti haliibiwi."

Mke wangu akatikisa kichwa, lakini mdomo ulikuwa umelegea. Marehemu akamkabidhi jogoo amshikie, akaingia mbele, akafunga mkanda, akaanza kulalamika kwamba kiti changu kinanuka saruji. Na mke wangu, kwa kuwa ana jogoo mikononi na jogoo anapiga mabawa, akaja kumweka garini, na akishamweka akakuta na yeye ameketi. Nikawasha gari bila kusema neno. Kunyamaza kwangu kulikuwa kazi nzito kuliko saruji.

Tulisafiri vizuri. Kwenye kizuizi cha askari kijana mmoja akachungulia dirishani. "Mna silaha yoyote humu?"

Nikamwona Marehemu anavuta pumzi, anafungua mdomo. Mke wangu alimfinya bega kutoka nyuma mpaka miwani ikahama. "Nyamaza, shemeji, utatufungisha wote!" Askari akatuangalia sote watatu, na jogoo, akainua kamba. Hapo nilimkumbuka yule mzee wa Dar es Salaam. Kweli, ningekuwa na ile bastola tungekuwa bado tunajieleza.

Kisha ikaanza kukaribia ile kona. Nilimwona mke wangu kwenye kioo. Amemkumbatia jogoo, macho ameyafumba, midomo inasoma. Mchanga ukaanza kuvuta magurudumu. Nikapunguza mwendo kwa sababu lazima upunguze, na huko kupunguza ndiko kunakotisha.

Marehemu akaanza kazi. Akajaza hewa mashavuni, akatoa tumbo ambalo hana, akainua mikono yote miwili juu mpaka ikagusa dari, na kwa sauti yangu, sauti yangu kabisa, ila nyembamba kama ya mbuzi, akasema:

"Chukueni, wanangu! Chukueni! Niachieni kitambi tu, nimekigharamia!"

Nusura nikanyage breki. Hilo la "chukueni, wanangu" nililisema kweli siku ile, na barazani nilikuwa nimeeleza kwamba niliwatukana wale vijana matusi ya nguoni. Mke wangu alikuwa amemsimulia mke wa Marehemu. Sasa huko nyuma nikasikia sauti, nikadhani analia. Nikatazama kiooni. Alikuwa anacheka, machozi yanatiririka, anajifuta kwa ubawa wa jogoo.

"Si hivyo, shemeji," anasema huku hapumui, "aliinua mkono mmoja tu! Mwingine alikuwa ameshika suruali!"

"Hivi?"

"Hivyo hivyo!"

Wakaniigiza, wote wawili, mimi nikiendesha. Wakaigiza na yule wa gobore, na mpira wake wa baiskeli, na kuku wetu. Tulipofika kwenye mnazi uliokatika kichwa, mke wangu akauliza, "Kona bado?" Nikamwambia tumeshaipita zamani.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, ameligeuzia gari sikio. Mimi na mama mkwe tunaheshimiana, hatukaribiani wala hatuongei ana kwa ana, kwa hiyo nilikaa mbali kwenye kigoda na Marehemu. Mke wangu akaenda kupiga magoti mbele yake. Mama akamshika kidevu, akamgeuza kwenye jua, huku, na huku, akamsogeza karibu na jicho la kulia mpaka pua zikakaribia kugusana. Akakaa hivyo muda. Kuku tu ndio waliokuwa wakitembea.

"Umenenepa," akasema. "Kumbe mume wako akijisifu kwamba anakulisha vizuri, si uongo wote."

Marehemu akanipiga kiwiko. Nilivimba, nakubali.

Kisha vidole vya mama vikapanda vikafika sikioni, vikagusa tundu. Vikaenda sikio la pili. "Ziko wapi?"

Mke wangu akamweleza. Mama akasikiliza yote, bila kuliachia sikio. "Nilikuwa nikikujua kwa hizo," akasema. "Ukitokea kule njiani zilikuwa zinametameta, kabla sijaona kitu kingine." Halafu akapaza sauti kidogo, ili ifike nilipokaa bila kuelekezwa kwangu. "Mwambie mume wako nimesikia habari ya bunduki yake. Mwambie anunue hereni."

Jogoo wa Marehemu aliliwa siku hiyo. Alikula yeye paja, na kidari, na akadai shingo.

Nilikwenda kwa sonara mwenyewe. Nilichagua kama nilivyochagua ile bastola, kwa kushika, kwa kupima, kwa kunusa. Nilikataa nyepesi za kupakwa rangi. Nikachukua pana, za duara, zinazokamata jua. Nikaomba bei ya mwisho, nikapewa bei ya mwisho, kisha nikaomba ya mwisho kabisa, nikapewa na hiyo. Sonara anajua anaongea na nani.

Safari iliyofuata Marehemu alizishonea hereni ndani ya bitana la koti lake kuukuu, mahali ambapo hata mwizi asingetia mkono kwa kuona kinyaa. Tulipofika uani akafumua uzi kwa meno, mke wangu akazivaa akiwa amesimama mlangoni mwa gari, ndipo akaanza kutembea kuelekea mkekani.

Ombi langu lilipita kwenye kikao kilichofuata. Marehemu aliambiwa akae nje, na mimi nilijibu "ndiyo" na "hapana" peke yake. Sasa limepanda wilayani, na likirudi na kibali nitakwenda kuichukua ile nyeusi ya Kicheki, na kasiki nimeshaliweka ukutani. Ila mke wangu hajaniuliza tena imefika wapi. Anachouliza ni kama Marehemu ana nafasi Jumamosi.

Siku ile ya hereni, mama mkwe alikuwa ametega sikio kama kawaida. Mke wangu yuko katikati ya uwanja, jua la saa nne limempiga ubavuni. Mama akainua kichwa, akamwelekezea jicho la kulia, akanyoosha kidole.

"Hizo," akasema. "Hizo naziona."